Poda ya Shahada

Kwetu Uvira mtu hafaulu mtihani kimyakimya. Matokeo yakitangazwa, aliyefaulu humwagiwa poda kichwani, ile poda nyeupe ya watoto wachanga, mpaka nyusi zinapotea, kisha hutembezwa mtaani hivyohivyo ili hata jirani asiyempenda ajue. Ukimwona mwanafunzi siku hiyo ana kichwa cheusi, usimuulize kitu, mpe pole. Nilipopata diploma yangu ya sekondari, baba alinimwagia kopo zima. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, mtu wa tai na viatu vya kung'aa, asiyecheka ovyo, na siku ile alicheka mpaka akashika mgongo. Zamani nilikuwa nikiikumbuka siku hiyo kwa furaha. Sasa naikumbuka kwa woga, kwa sababu nimeona poda inaweza kufanya nini.

Vita vya kwanza vilipita. Tuliinama, tukainuka, tukahesabiana. Vya pili vilikaa. Askari walioushika mji walikuwa na lugha zao na waliokamatwa nao walikuwa na zao, na katikati wakamweka baba. Walimchukua darasani, chaki ikiwa bado mkononi. Hakuulizwa kama anataka. Akawa mkalimani wa mahojiano, na mpaka leo sijui alitafsiri nini mle ndani. Ninachojua ni kwamba alianza kurudi nyumbani na kuosha mdomo kwa sabuni, anasukutua, anatema, anasukutua tena, na chakula anakisogeza. Mama alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi kabla ya hayo, na ni mara chache binti hushukuru kwa jambo kama hilo, lakini mimi nilishukuru.

Halafu watu wa milimani, waliopigana na askari hao, wakatuma neno kwamba anayesema maneno ya adui ni adui. Askari nao wakaanza kumshuku kwamba anayapunguza maneno. Kinywa kimoja, maadui pande mbili. Tuliondoka watatu, baba, mimi na mdogo wake wa kike ninayemwita tantine. Tulivuka ziwa, tukapita Tanzania, tukaishia Malawi, katika kambi ya Dzaleka, ambayo kabla ya kuwa makimbilio yetu ilikuwa gereza. Nyumba yetu ya matofali mabichi ilikuwa karibu na majengo yale ya zamani. Baba aliyachukia. Kiti chake alikiweka pale anapoweza kuona mlango na njia, na ukimhamisha alirudi palepale.

Mimi na tantine tulikubaliwa kuwa wakimbizi. Baba alikataliwa. Walipomuuliza alifanya kazi gani wakati wa vita, alisema kweli, kwamba alikuwa na askari chumbani wakati watu wanahojiwa. Hakuongeza kwamba alilazimishwa, kwa sababu, aliniambia, hawakumuuliza hilo. Nilimkasirikia mno. Mtu aliyekuwa akiwanyima wanafunzi alama kwa neno lililokosa mahali pake, siku ambayo neno moja lingemwokoa akalimeza! Akakata rufaa, akaambiwa asubiri, na katika kusubiri huko asitoke kambini. Wasiokubaliwa wakikutwa nje, tulisikia, hupandishwa gari kuelekea kaskazini, hadi Songwe mpakani na Tanzania, na kutoka hapo kila mtu na Mungu wake. Wengine walisema ni uvumi. Jirani yetu, fundi viatu, naye kesi yake ilikuwa imekataliwa. Alikwenda Lilongwe kutafuta soli, na hakurudi. Mkewe aliendelea kumwekea chakula, sisi tukaendelea kusema ni uvumi.

Katika hali hiyo mimi nikaenda kusomea shahada ya uzamili.

Chuo kimoja cha Lilongwe kilikuwa kimefungua masomo ya lugha na fasihi za kigeni, na mimi nilikuwa na cheti changu cha shahada ya kwanza kutoka Bukavu, kimekunjwa mpaka kimechanika kwenye mikunjo. Walinipokea. Kila muhula nilipanda Capital Hill, kwenye ofisi za serikali, kuomba upya ruhusa ya kukaa nje ya kambi, na kila mara karani aliniuliza mkimbizi anataka fasihi ya nini. Swali lilikuwa la haki. Siku za masomo nilikaa mtaa wa Mchesi mjini humo, kwenye chumba cha nyuma cha duka la mzee mmoja wa Kindu, Mwislamu muuza vitenge na betri. Jioni tulisikiliza redio ikitaja miji yetu. Akisikia Kindu alizima, nikisikia Uvira niliwasha, na juu ya jambo hilo tuligombana kama mtu na shemeji yake.

Mwalimu wangu msimamizi alikuwa mama wa Kimalawi aliyesomea Ufaransa, mkali, mwenye miwani ya kuning'inia kifuani. Aliponiuliza nitaandika juu ya nini, nilijibu bila kufikiri kwamba nitaandika juu ya wakalimani katika riwaya za Kifaransa za Afrika. Akavaa ile miwani. "Kwa nini wakalimani?" Nikampa sababu za kitaaluma, nyingi, na zote zilikuwa nzuri, na hata moja haikuwa ile yenyewe.

Kila Jumapili nilimpelekea baba kurasa zangu kambini. Alizisahihisha kwa wino mwekundu, koma kwa koma, kama vile bado yuko darasani, na nilirudi Lilongwe nimechubuka roho. Ila sura ya tatu, ile ya mahojiano, ambamo mkalimani anasimama kati ya mkubwa na mfungwa, aliirudisha bila alama hata moja.

"Papa, hakuna kosa?"

"Hakuna kosa, mama," alisema. Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Njo shida yake ile." Ndiyo hiyo shida yake.

Kisha akainuka akaenda kusukutua. Nilikuwa sijamwona akifanya hivyo tangu Uvira.

Ilipofika wakati wa kutetea tasnifu, msimamizi wangu aliniambia kwamba kikao ni cha wazi, yeyote anaweza kuhudhuria. Alisema hivyo kwa desturi tu. Pale chuoni watu hawaji, mtu hutetea mbele ya walimu wake na viti vitupu, kisha hunywa chai akaenda zake. Lakini kwetu kutetea, soutenance, ni arusi bila bwana arusi. Nilimtajia tantine huku nakula, nikaliona kosa kabla sijameza. Jumapili iliyofuata jambo hilo lilitangazwa kanisani, kati ya ubatizo na sadaka.

"Bote banakuya," wote wanakuja, tantine aliniambia akiwa kwenye cherehani yake, anashona sare za kitenge za siku hiyo. "Ba mama bote ba chorale."

"Tantine, kule ni chuo, si hapa."

"Si ulisema iko ya bantu bote? Sasa bantu bote si ni sisi?"

"Basi poudre hakuna. Nasema mapema. Hakuna poudre."

"Nani amesema poudre?" alisema, na hakuinua macho kwenye mshono. Anayemjua tantine angejua hapohapo.

Lakini hofu yangu haikuwa akina mama. Wao walikuwa na karatasi zao, na wakikutwa barabarani wangekaripiwa na kurudishwa Dzaleka. Hofu yangu ilikuwa kwenye kile kiti kinachotazama mlango. Baba alinunua koti jeusi la kaunjika, mtumba, sokoni, akalitundika ukutani, akawa analipiga brashi kila asubuhi, nami nikawa naliona kila nikiingia.

"Papa, huendi popote."

"Mi nilikufundisha alfabeti mbele ujue kufunga kiatu. Ile siku unasimama mbele ya ba professeur, mi nibaki hapa natazama matofali ya prison?"

"Na rufaa? Kesho yake asubuhi njo siku yako. Wanakuita ofisini."

"Njo maana nataka kwenda. Kama banirudisha kwetu, nirudi nimekwisha kuona."

Nililia kwa hasira. Nilimwambia kwamba siitaki shahada yenyewe, waichukue. Akanijibu kwa Kifaransa, Kifaransa chake cha darasani, kwamba mtu hafiki ukurasa wa mwisho akafunga kitabu. La kuvunda halina ubani. Tukakubaliana angalau jinsi ya kwenda: aondoke peke yake alfajiri, avae kofia, akae nyuma ukumbini, na njiani sisi wawili hatujuani. Kichewa, lugha ya wenyeji, alikuwa amejifunza kimyakimya kwa wauza mboga, akakisema vizuri kuliko mimi niliyekaa mjini.

Siku yenyewe ilikuwa ya Juni, baridi ile kavu ya nyanda za juu inayopasua midomo. Akina mama wa kwaya walijaza ukumbi kwa sare zao, na walimu wangu, waliozoea viti vitupu, wakatazamana. Baba alikuwa kiti cha mwisho karibu na mlango, kofia magotini. Nilijilazimisha nisimtazame. Nilisema niliyoyaandaa. Kila mlango ulipofunguliwa na mwanafunzi aliyepotea darasa, sauti yangu ilikatika.

Mtahini wa nje, bwana mzee mwenye sauti ya chini, alinisubiri hadi mwisho.

"Huyu mkalimani wa sura yako ya tatu," alisema. "Angeweza kukataa?"

Nilikuwa na jibu la maandishi, lenye nukuu. Halikuja. Ukumbini mtu alikohoa, na kikohozi hicho nimelala nacho nyumba moja tangu nizaliwe.

"Angeweza," nilisema. "Wangemuua. Halafu wangemleta mwingine, na huyo mwingine angetafsiri vibaya zaidi, na waliohojiwa wangekufa wengi zaidi. Lakini hilo hakuna wa kumuuliza, kwa hiyo hatalisema."

Bwana yule aliandika kitu.

Tulitolewa nje, tukarudishwa ndani. Mwenyekiti akasoma kwamba nimefaulu, kwa sharti la kufanya masahihisho kadhaa. Akina mama hawakungoja sharti. Waliposikia kufaulu, vigelegele vililipuka, kiti kikaanguka, na kabla sijageuka nikahisi kitu laini na baridi kinashuka kichwani, shingoni, ndani ya nguo. Tantine alikuwa amelificha kopo kwenye mkunjo wa kitenge. Msimamizi wangu aliruka nyuma akidhani ni chokaa. Nilijipangusa uso kwa viganja, nikafumbua macho, dunia nyeupe, watu wanaimba, na nikicheka na kukohoa nikamwona baba amesimama. Alikuwa anacheka. Ameshika mgongo, anacheka, kama Uvira.

Nilisahau kila kitu tulichokubaliana. Nilipita katikati ya watu nikamkumbatia kwa nguvu zangu zote. Alinukia sabuni. "Mama," aliniambia sikioni, "sasa nimekwisha kuona." Sikuyapenda maneno hayo hata katika furaha ile.

Mlinzi wa chuo akaja kwa sababu ya kelele. Akina mama wakatoka wakiimba, wakapanda gari walilokodi. Nilimsihi baba alale Mchesi kwa mzee wa Kindu. Akasema na rufaa je, asubuhi wakimwita asiwepo? Alikuwa na haki. Nilikwenda bombani kuosha kichwa, lakini maji na poda vilifanya uji, na uji ukakauka kwa upepo, nikawa na ganda. Nikafunga kitambaa juu. Tukapanda minibasi ya kawaida kituo cha Area 25, yeye mbele, mimi viti viwili nyuma yake, kati yetu abiria wengine, na hatujuani.

Jua lilikuwa bado juu. Mji uliisha, mashamba ya mahindi yaliyovunwa yakaanza. Nilianza kupumua. Ndipo baba akainama kufunga kamba ya kiatu, na nikaiona migongo ya vidole vyangu, hapana, si migongo, nimesema vibaya: niliviona viganja vyangu. Viwili, vyeupe, kila kidole na mahali pake, kwenye mgongo wa koti jeusi. Ningeweza kuweka mikono yangu juu yake na ingeenea.

Mbele, magari yalikuwa yanapunguza mwendo. Kizuizi.

Nilikuwa tangu saa chache zilizopita mtaalamu wa lugha za kigeni. Nikiita kwa Kifaransa, gari zima lingegeuka. Nikiita kwa Kiswahili, vilevile. Nikisema "papa", basi. Nilikaa na lugha zangu zote mdomoni na sikuwa na hata moja ya kumwambia mtu vua koti. Nilimgusa mama wa Kimalawi aliyekaa mbele yangu, nikamwomba kwa Kichewa changu kibovu amguse bwana yule, amwambie ana uchafu mgongoni. Aliniangalia kichwani, ganda lilikuwa limetoka chini ya kitambaa, akadhani nina ugonjwa, akajisogeza pembeni.

Ofisa aliyeingia alikuwa kijana mpole. Alimuuliza baba anakwenda wapi. "Ndikupita ku Dowa, bwana," baba alisema, nyumbani kwa mkwewe, kuna mgonjwa, na akamuulizia hali ya baridi huku barabarani. Wakacheka pamoja. Ofisa akapita. Alifika kwangu, akaisoma barua yangu ya ruhusa, akauliza kichwani kuna nini. Nikalishika lile ganda, likamomonyoka mkononi, nikasema ni desturi yetu, nimefaulu leo. Alifurahi kwa kweli. Alinipongeza, akanishika mkono, na aliporudi kuelekea mlangoni alikuwa anajipangusa poda iliyombakia kiganjani. Kilichofuata kilikuwa mbele ya macho yake. Alisimama nyuma ya baba, aliyekuwa ameinamia mbele kidogo. Alitazama mgongo wa koti, akatazama kiganja chake, akageuka akanitazama mimi.

"Unamjua huyu mama?" akamuuliza baba.

"Sindikumudziwa," baba akajibu. Simjui. Hakugeuka, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ndivyo alivyokuwa akisema maneno ya watu katika chumba kile, nadhani.

Kwetu mtu hamkani mzazi hadharani. Aliyemkana mzazi amemzika, na wazee hawamtaki tena msibani. Ofisa alikuwa amekwisha kujua, jibu letu hakulihitaji. Mimi ndiye niliyelihitaji. "Ndi bambo anga," nilisema. Ni baba yangu.

Alishushwa. Kando ya barabara kulikuwa na watu wengine wameketi kwenye nyasi, na lori limeegeshwa limeelekea kaskazini. Nilishuka naye, nikaeleza kwamba rufaa yake ni kesho, saa chache tu zimebaki, waulize Dzaleka, piga simu. Kijana yule alisema pole. Alisema wakubwa wake ndio wanaoamua, na nadhani ilikuwa kweli. Baba akavua koti, akanipa.

"Papa, baridi."

"Chukua. Utaniletea kesho kwa office. Na ule ukurasa wa mwisho wa sura ya tatu, uongeze ile ulijibu leo. Ilikuwa muzuri." Akakaa kwenye nyasi na shati lake jeupe, mahali ambapo angeweza kuiona barabara.

Kesho yake nilikuwa ofisini kabla hawajafungua, koti mkononi. Jina lake liliitwa. Nikasimama mimi, nikaambiwa hapana, anatakiwa mwenyewe. Likaitwa tena. Asiyefika kwenye rufaa yake, alisema yule bwana, amejiondoa. Nilieleza mpaka sauti ikaisha. Mchana tulisikia kwamba lori halikulala njiani, lilifika mpakani usiku uleule. Baadaye sana mzee wa Kindu alipata neno kutoka kwa wauza vitenge wenzake kwamba mtu wa namna ile, mrefu, shati tupu, alionekana Kigoma akiulizia chombo cha kuvuka ziwa. Upande wa pili wa ziwa ni Uvira. Baada ya hapo hakuna neno, na sitatunga hapa kitu nisichokijua. Nimesoma riwaya za kutosha kujua mkalimani huishia wapi, na nakataa.

Masahihisho niliyafanya. Jibu lile liko ukurasa wa mwisho wa sura ya tatu, kama alivyotaka.

Koti nililitundika ukutani nyumbani, mgongo ukitazama chumba. Poda ya watoto hushika sana kwenye kitambaa kile cha sufu. Niliporudi Dzaleka kila mwisho wa wiki, viganja vilikuwa pale, na kando ya kimoja palikuwa na mkunjo uliobaki pale nilipomshika akicheka. Sikuvigusa. Nilikuwa nalala nikivitazama, na asubuhi nakuta kiti chake hakijasogezwa.

Sherehe ya kutunukiwa shahada ilikuja wakati mwingine wa baridi. Nilifika kambini siku moja kabla, nimechelewa, na tantine alinipokea mlangoni, uso umechangamka, amenichukulia mfuko. Aliniambia amenifanyia kitu. Chini ya joho kutakuwa na baridi, na aliona si vizuri mutoto apokee shahada bila kitu cha baba yake mwilini.

"Nimelifua muzuri," alisema. "Na sabuni ya unga. Ile ma poudre yote imetoka. Nikalipiga pasi. Ona, ni kama mupya."

Lilikuwa limetundikwa palepale, jeusi tupu, mikunjo imenyooka, linanukia sabuni. Tantine alikuwa amesimama pembeni, mikono yake imevimba kwa maji baridi, anangoja niseme.

"Aksanti, tantine," nilimwambia, na nikalivaa.